Kuachia kwa Wakati: Farasi Mwitu wa Nevada na Daraja la Mbao

Upande wa kushoto wa shingo, chini ya singa, farasi mwitu aliyekamatwa Marekani huwa na mstari wa alama nyeupe. Chuma cha kupigia alama hiyo hakiwekwi motoni. Hupozwa ndani ya naitrojeni iliyo katika hali ya kimiminika, kikaua rangi ya nywele pale kinapogusa, na nywele zinazoota baadaye hutoka nyeupe. Anayejua kuzisoma alama hizo huona mwaka wa kuzaliwa na namba ya usajili. Mfunza farasi husoma na jambo jingine: mnyama huyu amekwishakutana na binadamu, na huenda hajawahi kuwa na siku mbaya kuliko hiyo.

Siku yenyewe huenda hivi. Helikopta hulisukuma kundi kutoka mabondeni hadi kwenye nyuzio mbili zinazoanza kwa mapana na kuishia pembamba. Mdomoni mwa mtego anasubiri mtu na farasi mfugwa. Kundi likikaribia, mfugwa huyo huachiwa atangulie kukimbilia ndani, na wenzake wa porini humfuata. Wenyewe humwita Yuda. Kisha ni kichochoro cha vyuma, chanjo, damu ya kupimwa, chuma baridi shingoni na, kwa madume wengi, kuhasiwa.

Sheria iliyosainiwa na Rais Nixon Desemba 1971 inamlinda farasi huyu kwenye ardhi ya umma, na leo makundi yake yamo katika majimbo 10 ya magharibi. Lakini Idara ya Usimamizi wa Ardhi inaamini kwamba ardhi hiyo inabeba farasi na punda wasiozidi 27,000 hivi, na mwaka 2024 walikadiriwa kuwa zaidi ya 70,000. Wanaoondolewa hutafutiwa watu wa kuwachukua. Wasiopata mtu hubaki mazizini na kwenye malisho ya kukodi, makumi ya maelfu, kwa gharama ya serikali. Farasi anayekubali hatamu ana soko. Asiyekubali hana.

Kwa hiyo swali letu ni la kiufundi. Mnyama wa kilo 400, aliyekwisha kufunzwa na mtego kwamba mtu ni balaa, anafikishwaje mahali pa kuvuka daraja la mbao akiandamana na mtu, kamba ikiwa imelegea?

Tuanze na macho, maana makosa mengi ya siku ya kwanza ni makosa ya kusahau macho. Ya farasi yako pembeni mwa kichwa, na humpa uwanja wa karibu nyuzi 350. Asipoona ni mahali pawili: mbele kabisa ya paji la uso na pua, na nyuma ya mkia. Mtu mwenye nia njema humwendea uso kwa uso, amenyoosha mkono. Katika hatua ya mwisho mkono ule unapotea machoni mwa farasi, kisha unamgusa ghafla kutoka pasipojulikana. Akirusha kichwa, mtu husema farasi ni mkaidi. Mfunzaji anayejua kazi yake humwendea kwa mshazari, kuelekea bega, akijiacha aonekane muda wote.

Kuna na mpaka usioonekana. Kila mnyama wa kuwindwa ana umbali wake; ukiuvuka anaondoka, ukibaki nje anakutazama tu. Mchungaji yeyote wa ng'ombe anaijua mipaka hiyo kwa miguu yake mwenyewe, na anajua pia kwamba bega ndilo mizani: simama nyuma ya bega mnyama atakwenda mbele, sogea mbele ya bega atasita au atageuka. Kwa farasi mwitu mpaka huo unaweza kuwa mpana kuliko zizi lenyewe. Ndiyo sababu zizi la kazi hii hujengwa la mviringo, kipenyo chake mita 15 hadi 18. Pembe ingempa farasi aliyetishika mahali pa kuficha kichwa na kumgeuzia mtu miguu ya nyuma, na kutoka hapo hakuna somo, kuna mateke tu. Uzio nao ni mrefu: kwa farasi mzima ambaye hajazoeshwa, idara inadai usiopungua mita 1.8.

Sasa mtu anaingia. Farasi anashika ukuta, anazunguka. Mtu anasogea hatua moja kuelekea mpaka ule na kusubiri. Farasi anaendelea kuzunguka, mara sikio moja, lile la upande wa ndani, linageuka kumwelekea mtu. Papo hapo mtu anarudi nyuma, anashusha mabega, anatazama chini.

Kazi yote imo hapo, na mengine yatakayofuata hadi darajani ni marudio yake. Farasi hakufundishwa na ile hatua ya kumsogelea. Hatua ile ilimsumbua tu. Kilichomfundisha ni kurudi nyuma kwa mtu, kwa kuwa kulikuja mara tu alipotega sikio. Kesho sikio litageuka mapema zaidi, baadaye jicho, halafu kichwa kizima. Sasa fikiria mtu yuleyule amechelewa sekunde tatu. Sikio limegeuka, limerudi, farasi amegeuza shingo nje ya uzio anatafuta pa kutokea, na ndipo mtu anarudi nyuma. Amemfundisha kwamba ukitaka mtu aondoke, geukia nje. Hakutumia kiboko wala kupaza sauti, na bado ameharibu.

Katika nchi za wafuga ng'ombe wa magharibi ya Marekani, jina linalotajwa kwanza kwa ustadi huu ni la Tom Dorrance, aliyezaliwa Oregon mwaka 1910, na la mwanafunzi wake Ray Hunt. Hawakuwa wa kwanza kukataza hasira. Xenophon Mgiriki aliwaonya wapanda farasi juu ya jambo hilo karne ya nne kabla ya Kristo. Mchango wa Dorrance na Hunt ni udogo wa kile walichokitafuta. Hawakungoja farasi atende. Waliachia alipoonyesha tu kwamba anafikiria kutenda. Kabla yao, na kwa wengi hata baada yao, farasi mwitu alifungwa kwenye nguzo katikati ya zizi, akafunikwa macho, akatandikwa, kisha mtu akapanda na kung'ang'ania hadi mnyama achoke. Njia hiyo ilikuwa ya haraka. Iliwapa mashamba makubwa farasi wa kazi, na iliwaachia vijana wengi mbavu zilizovunjika.

Mwingine maarufu ni Monty Roberts wa California. Katika njia yake farasi huzungushwa zizini mpaka aonyeshe dalili fulani. Mtu anapomgeuzia mgongo, farasi humfuata hadi begani. Ni jambo la kupendeza kulitazama, na Roberts hulieleza kama mazungumzo kwa lugha ya farasi wenyewe. Mimi maelezo hayo nayachukua kwa tahadhari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walichukua gari dogo la kuchezea, lile la rimoti, wakalifanya limkimbize farasi na kusimama pale farasi anapoonyesha tabia waliyoitaka. Farasi wakajifunza kuligeukia gari. Gari la plastiki halina lugha ya farasi. Lina wakati tu: linasumbua, kisha linaacha kusumbua kwa sekunde inayotakiwa. Hili halimpunguzii Roberts ustadi wake, ila linaonyesha ustadi huo umekaa wapi.

Vivyo hivyo kuhusu kulamba midomo na kutafunatafuna kinywa kikiwa kitupu. Zizini husemwa kwamba farasi akifanya hivyo ameelewa, au amenyenyekea. Maelezo yanayokubalika zaidi kwa watafiti ni ya mwili: woga hukausha kinywa, na woga ukipungua mate hurudi. Kwa mfunzaji tofauti ni kubwa. Farasi anayelamba midomo anasema tu kwamba dakika iliyopita alikuwa na hofu na sasa imepungua. Ukiiona dalili hiyo mara nyingi katika kipindi kimoja, usijisifu. Umemtisha mara nyingi.

Mguso wa kwanza haufanywi kwa mkono. Hutumika mwanzi au fimbo ndefu ya mita mbili tatu, ili mtu akae nje ya mateke na farasi asibanwe. Ncha yake haiendi usoni wala ubavuni. Inakwenda pale shingo inapokutana na mgongo, juu ya mabega. Hapo ndipo farasi wawili wanaoelewana hukunana kwa meno. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kumkuna farasi mahali hapo hushusha mapigo ya moyo wake, na kumkuna sehemu nyingine hakukuleta matokeo hayo. Ncha inagusa na kutulia palepale hata ngozi ikisisimka kama imetuliwa na nzi. Ngozi ikitulia, fimbo inaondolewa. Ukiiondoa wakati anaruka, umemfundisha kuruka. Fimbo hushikwa kwa chini zaidi kila mara, ikawa fupi, hadi siku moja kinachokuna ni vidole.

Hapa ndipo penye mtego wa pili, na huu ni wa mfunzaji. Watu hudhani farasi mgumu ni yule anayeruka, anayepiga teke, anayejitupa juu ya uzio. Huyo ni wazi kama kitabu. Kila anachohisi unakiona, na kila unapoachia kwa wakati unaona jibu. Mgumu hasa ni aliyeganda. Anasimama, shingo juu, jicho halipepesi, pumzi imekatika nusu. Unamgusa, hasogei. Unaweka tandiko, hasogei. Mgeni husema, “Tazama alivyo mpole!” Kumbe mnyama amejitoa mahali hapo, amebaki mwili tu. Siku ya kumi au ya thelathini, kitu kidogo, mlio wa zipu ya koti, kinamrudisha, naye anajikuta na uzito mgongoni ambao hajawahi kuukubali. Ajali mbaya hutokea hapo, na wenye farasi hulalamika kwamba amebadilika ghafla. Hakubadilika. Hakuwahi kuulizwa.

Waliokulia na punda, Lamu kwa mfano, watalielewa hili haraka, maana punda akiogopa mara nyingi huganda badala ya kukimbia, na watu humwita mbishi. Njia ya kumtoa farasi kwenye kuganda ni kutomwongezea chochote. Ondoa mkono. Rudi hatua mbili. Ngoja apepese, ashushe kichwa, ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo unaendelea, tena kwa kidogo kuliko mwanzo. Ngoja hiyo inaweza kula saa nzima, na mtu anayekutazama kutoka nje ya uzio ataapa kwamba hufanyi kitu.

Baada ya hapo huja hatamu ya kamba isiyo na lijamu, na kazi ya chini inashika kasi: mafunzo yote ambayo mtu hufanya akiwa amesimama kwenye mchanga, hajapanda. Orodha yake ni fupi. Farasi arudi nyuma kwa kutikisiwa kamba kidogo. Asogeze mabega kushoto na kulia. Ainue kila mguu na kuuacha mkononi mwa mtu, kwa sababu kwato zisipopunguzwa hatafaa kwa lolote. Na zaidi ya yote, asogeze makalio: mtu anatazama paja, anazungusha ncha ya kamba, na mguu wa nyuma wa ndani unapita mbele ya ule wa nje. Zoezi hili huonekana la mapambo, lakini ndilo breki. Nguvu ya farasi ya kutoroka, ya kusimama wima na ya kurusha mateke inatoka miguu ya nyuma inaposukuma kwa pamoja. Miguu hiyo ikipishana, msukumo unakatika. Farasi aliyejifunza kupisha miguu kwa ishara ndogo anaweza kusimamishwa kabla hofu haijawa mbio. Kila zoezi hurudiwa upande wa pili, maana farasi aliyemzoea mtu upande wa kushoto anaweza kumshangaa mtu yuleyule akitokea kulia.

Vikwazo huja sasa, si kabla. Turubai la buluu lililotandazwa chini, boriti za kuruka kwa hatua, lango la kufungua na kufunga, daraja la mbao, dimbwi la maji, mwishowe trela. Wengi huvichukua kama mapambo ya maonyesho. Mimi naviona kama ukaguzi: kikwazo hakimfundishi farasi kitu kipya, kinafichua ni wapi kazi ya chini ilirukwa.

Chukua turubai. Farasi hawezi kuona vizuri kitu kilicho chini ya pua yake mpaka ashushe kichwa na kukielekeza. Mtu anayeogopa kupoteza udhibiti hufupisha kamba na kuinua kichwa cha farasi juu. Kwa hiyo anamwamuru akanyage kitu ambacho amemzuia kukitazama. Wenye ujuzi huanza kinyumenyume. Mfunzaji hulikokota turubai mbele, akiondoka nalo, farasi akifuata nyuma kwa kamba ndefu. Kitu kinachokimbia hakitishi kama kinachokuja, na baada ya mizunguko michache pua inalisogelea yenyewe. Kisha linakunjwa liwe ukanda mwembamba, ambao farasi anaweza kuuvuka bila kuukanyaga. Linakunjuliwa kidogo kidogo. Akinusa, kamba inalegea. Akikwangua kwa kwato, inalegea. Akisimama na mguu mmoja juu yake, mfunzaji ndiye anayemwomba arudi nyuma na kushuka, kabla hajaamua kushuka mwenyewe. Kumtoa kwenye kikwazo wakati bado ametulia kunampa uhakika kwamba njia ya kutoka ipo, na mwenye njia ya kutoka hana sababu ya kuitafuta kwa nguvu.

Daraja lina ugumu wake, nao ni sauti. Kwato juu ya mbao zenye uwazi chini hutoa mlio ambao nyika haijawahi kutoa. Basi kwanza ni ubao wa plaiwudi uliolazwa mchangani, usiolia sana, halafu jukwaa la kimo cha kiganja, ndipo daraja lenyewe. Miguu ya mbele kwa kawaida haina tabu. Ya nyuma ndiyo husahaulika: farasi amefika katikati, anasikia mlio nyuma yake, na anaruka pembeni. Kwa hiyo mtu hatembei mbele yake hata kidogo. Anakaa kando ya bega, umbali wa mkono na nusu, kwa sababu farasi anayeruka kutoka kwenye daraja huruka kuelekea aliko mtu wake. Akisita katikati, havutwi. Mvuto wa kichwa humfanya avute kinyume, na kwa kuvutana kilo 400 zitashinda. Kinachoombwa ni uzito usogee mbele kwa inchi moja, kisha kamba inaachiwa. Halafu inchi nyingine.

Trela hukusanya yote: jukwaa linalolia, kuta zinazobana, na giza. Macho ya farasi huchukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea kutoka kwenye jua kali hadi kivulini, hivyo kile mtu anachokiona kuwa chumba, yeye kwa muda huona shimo. Kugeuza trela mwanga wa jua uingie ndani huokoa alasiri nzima ya ugomvi.

Mwaka 2007, mjini Fort Worth, Texas, yalifanyika mashindano ya kwanza ya aina yake: farasi 100 wa mwitu, wafunzaji 100 hivi, na takriban siku 100 za kuwaandaa. Yalipendwa, yakaendelea, na yaliwapatia farasi wengi makazi. Sina shaka na faida hiyo. Shaka yangu ni kwa kalenda. Farasi mwepesi siku 100 zinamtosha na kubaki. Yule wa kuganda huenda bado anajifunza kupumua karibu na mtu siku ya sitini, na mfunzaji mwenye tarehe ya jukwaani ana kila kishawishi cha kuuchukua ule ukimya kuwa ridhaa. Katika onyesho la mwisho, lenye muziki na bendera, hata aliyeganda anaweza kupigiwa makofi. Kwenye uwanja wa vikwazo ni vigumu zaidi kudanganya, kwa sababu kila kikwazo kinamtaka farasi ashushe kichwa, atazame, aamue. Ningekuwa mnunuzi ningeacha muziki nikakae pale, niangalie kamba badala ya farasi. Ikiwa imenyooka muda wote, nitajua nauziwa nini.

Ulinganisho mzuri uko Carson City, Nevada, ambako wafungwa wa gereza la jimbo hufunza farasi hawa kwa miezi minne hivi kabla ya mnada wa hadhara. Wengi wao hawakuwahi kugusa farasi kabla. Wanachokuwa nacho ni siku inayofanana na jana, na hakuna anayewadai onyesho la kupigiwa makofi. Baadhi ya farasi waliotoka hapo wamechukuliwa na askari wa doria ya mpakani, kazi ya milima na giza isiyomfaa mnyama aliyefunzwa kwa kubanwa.

Linalobaki mara nyingi halifanywi na mfunzaji yeyote, wa gereza wala wa mashindano. Farasi wa mwitu aliyefunzwa vizuri amemzoea mtu mmoja: kimo chake, harufu yake, namna anavyokohoa. Mnunuzi anafika na kofia nyingine na mwendo mwingine, na ule mpaka wa siku ya kwanza unarudi, ingawa mwembamba zaidi. Wanaofanikiwa hufunga tandiko stoo kwa wiki mbili za mwanzo, wakaanza tena na fimbo juu ya mabega, turubai lililokunjwa, makalio kushoto na kulia. Kazi iliyochukua miezi hurudi kwa siku chache. Wanaopanda siku ya kwanza kwa kuwa cheti kinasema amefunzwa, baadhi yao huwarudisha farasi hao mnadani kabla mwaka haujaisha, na anayefuata kumnunua anaanza na mnyama mwenye siku mbaya mbili badala ya moja.